Tangi la mafuta lilivuja chini ya bustani yetu: uzoefu wangu na mafundi waliolifukua

Nyota nne kati ya tano. Naandika haya kwa ajili ya mtu ambaye nyumba yake inapashwa joto kwa mafuta na tangi lake limefukiwa ardhini. Sisi tulikaa na uvujaji miezi kadhaa huku dalili zote zikiwa mbele ya macho.

Ya kwanza ilikuwa mafuta kuisha mapema. Tulijaza tangi baridi ilipoanza, na msimu haujafika nusu, boila, yaani mashine inayochoma mafuta kupasha nyumba joto, ikazima. Nilidhani ni ukali wa baridi. Kisha chumba cha chini ya nyumba kikaanza kunuka kama dizeli, na kila mvua ikinyesha harufu inazidi. Nje, juu ya pale tangi lilipolala, nyasi zilikauka kwa kiraka kimoja tu, kwingine kote zikiwa mbichi. Sikuyaweka mambo haya matatu pamoja mpaka boila ilipoanza kukohoa, inawaka na kuzima, inawaka na kuzima.

Fundi wa boila alifungua filta na kumimina yaliyomo kwenye chupa ya kioo, akaisimamisha dirishani. Baada ya dakika chache yakajitenga: mafuta mekundu juu, maji chini. Alinieleza kwamba tangi likitoboka upande wa chini, na maji ya ardhini yakapanda kwa mvua, tundu lile lile linalotoa mafuta linaingiza maji. Akachukua ufito wa kupimia, akaupaka ncha dawa inayobadilika rangi ikigusa maji, akaushusha kwenye bomba la kujazia. Ulipotoka, rangi ilikuwa imebadilika kimo cha vidole vinne. Hapo sikuwa na la kubisha.

Kampuni ya kwanza niliyoita sitaitaja. Mtu wao alitazama lile bomba, akasema watajaza mchanga na kuziba, kazi ya siku moja. Nikamuuliza: na udongo je? Akajibu kwamba mafuta yakishanywewa na ardhi hayana pa kwenda. Jibu hilo linanikera mpaka leo, kwa sababu mafuta yana pa kwenda. Yanashuka kwenye udongo mpaka yakutane na maji, na kwa kuwa ni mepesi kuliko maji, yanaelea na kusafiri nayo, kwa jirani, kwenye mtaro, kwenye kisima cha mtu. Kujaza mchanga si kosa lenyewe. Ni njia inayokubalika sehemu nyingi, hasa tangi likiwa karibu mno na msingi wa nyumba. Lakini lisafishwe kwanza, na udongo upimwe kwanza.

Hawa niliowapa kazi, swali lao la kwanza kwenye simu lilikuwa: "Hapo mnakunywa maji ya bomba au ya kisima? Na majirani zenu?" Kwa swali hilo tu nikajua nimepata watu. Siku hiyo hiyo walikuja na pampu wakanyonya mafuta yote yaliyobaki, kabla hata hatujaanza kuongea mambo ya mkataba. Ukijua tangi linavuja, fanya hilo kabla ya lolote, kwa sababu tangi tupu haliongezi uchafu na utapata nafasi ya kufikiri. Walinisaidia pia kutoa taarifa kwa wanaosimamia mazingira, na hawakugusa ardhi mpaka nyaya za umeme na mabomba ya gesi yawekewe alama.

Siku ya kufukua nilisimama nao tangu asubuhi. Walipima mvuke ndani ya tangi, wakalipulizia hewa mpaka kifaa kikaonyesha ni salama, ndipo wakakata mfuniko. Waliondoa tope jeusi, zito kama lami iliyolainika, wakalitia kwenye mapipa. Kisha katapila likainua tangi kwa minyororo. Kwa mbali lilionekana zima. Fundi mmoja akalipangusa tumbo kwa gunia, kutu ikabanduka kama maganda, akaniita: "Dada, njoo ulione mwenyewe." Matundu matatu. Kubwa lao lilitosha ncha ya kidole changu cha mwisho, nalo lilikuwa chini ya bomba la kujazia kabisa, pale ufito wa kupimia ulipokuwa ukigonga miaka yote. Mengine mawili yalikuwa kwenye mstari wa chini, ambako maji ya mvuke hutuama na kula chuma kutoka ndani. Kwa nje ungeapa lina miaka mingine kumi.

Jambo ninalowasifia kuliko yote ni upimaji wa udongo. Wao wenyewe walisisitiza sampuli zichukuliwe na mtu asiye wao, azipeleke maabara mwenyewe. Anayelipwa kwa kila lori la udongo unaoondolewa hafai kuwa ndiye anayeamua udongo upi ni mchafu. Yule mpimaji alichukua sakafu ya shimo na kuta zake nne, kila sampuli kwenye chupa yake ya kioo, akazifungia kwenye sanduku la barafu. Majibu yalionyesha sakafu na ukuta wa upande wa nyumba bado ni vichafu. Wakachimba zaidi kwa mkono, taratibu, ili wasiulegeze msingi. Sampuli za mara ya pili zikapita.

Nyota ya tano ilipotea wakati wa kungoja majibu. Shimo lilikaa wazi, mvua ikaingia, na maji yakajaa utando wa mafuta. Maji ya namna hiyo huwezi kuyamwaga, yanabebwa na gari maalumu, na gharama hiyo haikuwa kwenye mkataba. Turubai moja lililofungwa vizuri lingezuia yote. Niliwaambia, wakakubali kosa na kulipa nusu. Nusu yangu niliilipa kwa uchungu. Muulize mkandarasi wako nani anabeba maji ya shimo, na jibu liandikwe.

Bima ya nyumba ilitukatalia. Mkataba wetu haulipii uchafuzi wa ardhi yetu wenyewe, ungelipia kama mafuta yangefika kwa jirani. Sikuwahi kukisoma kifungu hicho.

Tangi jipya liko juu ya ardhi, lina kuta mbili, limekaa kwenye zege, na bomba la shaba la kwenda kwenye boila limepitishwa ndani ya bomba jingine badala ya kuzikwa tupu. Nilikabidhiwa faili lenye picha za shimo, majibu ya maabara, risiti za mahali udongo ulikopelekwa na barua ya kufunga kazi. Tukija kuuza nyumba hii, mnunuzi ataliuliza.

Wiki ya tatu baada ya shimo kufukiwa walirudi bila kuitwa, wakapima hewa ya chumba cha chini. Bado kulikuwa na kiasi kidogo cha mvuke wa mafuta. Wakatuachia feni yao kubwa dirishani, na walipokuja kuichukua siku nane baadaye, harufu ilikuwa imekwisha.