TAHADHARI: "Mhariri wa sanaa" anayetafuta wachoraji wa kava Kigoma na Tabora ni tapeli

Wachoraji wenzangu wa Mwanga, Ujiji, Kasulu mpaka Tabora mjini, kuna mtu anazunguka WhatsApp na Instagram akijitambulisha kuwa mhariri wa sanaa wa kampuni ya vitabu ya Marekani. Anasema anatafuta vijana wa Kiafrika wa kuchora kava za riwaya za kisayansi na za fantasia. Msimtumie kazi, msimtumie hela. Kama umeshaanza kuongea naye, soma hapa mpaka mwisho kabla hujamjibu tena, maana ana hatua zake na kila hatua ina mtego wake.

Walioumia ninaowafahamu kwa majina ni vijana wawili wa hapa mjini na dada mmoja wa Tabora. Mimi pia alinifuata, nilipomwambia sianzi bila advansi akanyamaza. Mazungumzo yao wote nimeyasoma, mikataba nimeiona, na risiti za kutuma hela ninazo. Ninachoandika hapa si tetesi.

Msimfikirie kuwa ni yule wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Huyu kazi yetu ameisoma. Anaitaja picha yako moja, anakueleza alivyopenda mwanga ulivyoangukia ubavu wa chombo cha anga, anakuuliza kama unachorea kwa programu ya Krita au Procreate. Tuseme ukweli, huku kwetu anayechora majoka na miji ya sayari nyingine anaonekana anapoteza muda. Nyumbani wanamuuliza kwa nini asichore mabango ya saluni yakamlipa. Kijana wa namna hiyo akipata mtu wa kuichambua kazi yake kwa undani, moyo unafunguka palepale. Ndiyo maana siwezi kukaa kimya nikisikia watu wanawacheka hawa vijana eti ni washamba. Wamesifiwa mahali ambapo hawajawahi kusifiwa, na sifa zenyewe zilikuwa za kweli, kwa sababu wanachora vizuri.

Baada ya sifa unakuja mkataba wa PDF wenye nembo ya kampuni. Kampuni hiyo ipo kweli na haihusiki kabisa, jina lake limeibwa tu, kwa hiyo siitaji hapa. Malipo anayoahidi ni dola 900 kwa kava moja. Kiasi hicho hakishtui, na hapo ndipo penye ujanja, maana wachapishaji wakubwa wa nje hulipa hata zaidi. Angeandika dola 10,000 watu wangemkimbia.

Sasa tazameni anachodai, kwa sababu hapa ndipo anapojifichua kwa mtu anayeijua kazi. Anataka kava nzima, yaani mbele, mgongo na nyuma, likiwa na maandishi ya jina la kitabu, na faili lenye leya zote, yaani kila sehemu ya mchoro ikiwa kwenye tabaka lake, ndani ya siku nne. Kazi halali haiendi hivyo. Kwanza unatuma skechi ndogo ndogo tatu au nne, za haraka. Mhariri anachagua moja, mnazungumza, unatuma ya rangi, anarekebisha, ndipo unaingia kwenye mchoro kamili. Maandishi mara nyingi si kazi yako. Kampuni ina mbunifu wake wa kupanga jina la kitabu, wewe unaambiwa tu uache nafasi juu au chini. Na ule mgongo wa kitabu, unene wake unatokana na idadi ya kurasa na aina ya karatasi. Huyu bwana hajawahi kumwambia yeyote kitabu kina kurasa ngapi. Mchapishaji wa kweli asingekuomba mgongo bila kukupa kipimo, kwa sababu wewe huna pa kukitoa.

Habari ya leya naomba tuielewe wote. Ukimpa mtu picha bapa, ndogo, yenye jina lako limekatiza katikati, amepata kitu cha kutazama tu. Ukimpa faili la leya kwa ukubwa wa kuchapia, nukta 300 kwa inchi, umempa kazi nzima: anaweza kuchomoa mhusika akamweka kwenye mandhari nyingine, akafuta sahihi yako, akabadilisha rangi, akauza kama kava tatu tofauti. Faili hilo halitoki mkononi mwako kabla malipo hayajaingia, hata akwambie kitabu kinakwenda mtamboni kesho asubuhi.

Dada wa Tabora alituma, kijana wa Ujiji naye alituma. Wiki chache baadaye picha ya huyu wa Ujiji ilionekana kwenye kitabu cha kielektroniki kinachouzwa mtandaoni, bila jina lake popote. Ilijulikanaje ni yake? Alikuwa amechora meli ikipaa kutoka ziwani usiku, nyuma yake milima ya Kongo kama tunavyoiona ng'ambo siku zisizo na ukungu, na meli yenyewe ameijenga juu ya umbo la Liemba, ile meli kongwe ya Ziwa Tanganyika. Mtu wa Kigoma haikosei Liemba. Ni chuma kilichoundwa Ujerumani mwaka 1913, kikaletwa vipande vipande na kuunganishwa hapa hapa, kikazamishwa 1916 na kuibuliwa 1924. Bomba lake, mstari wa sitaha, pua yake, tumekua tukivitazama. Mwizi alikata kingo na kuigeuza picha kulia kushoto, lakini meli iliendelea kuwa ile ile. Nilipoiona nilikasirika, na hasira haijaisha. Kijana yule aliichora miezi kadhaa, akingoja kompyuta ya binamu yake iwe haina mtu.

Kisha inakuja hatua ya pesa. Ukishatuma kazi, anakuletea picha ya risiti kwamba dola zako zimetumwa. Kesho yake anasema zimekwama: inatakiwa ada ya uthibitisho ili benki iziachilie. Unatakiwa kulipa kwa simu kwenda kwa "wakala wetu wa Afrika Mashariki". Wa kwanza kati ya hao watatu alilipa shilingi 85,000. Ikaja kodi, 140,000. Ikaja ada ya kubadilisha fedha, hapo akaja kuniuliza, "Dada, hii ni kawaida?" Nikamwomba simu nisome. Katika ujumbe mmoja huyo Mmarekani wao ameandika, kwa Kiswahili safi, "tuma na ya kutolea". Ndugu zangu, mtu aliyekaa ofisini New York hajui habari ya "ya kutolea". Huyo yuko hapa hapa nchini, anatoa hela kwa wakala kama sisi. Na jina lililotokea kwenye simu kabla ya kuthibitisha muamala lilikuwa la mtu binafsi, si la kampuni yoyote.

Kwa nini watu wanamwamini? Kwa sababu kupokea pesa kutoka nje ni shida ya kweli kwetu. PayPal, ambayo wateja wengi wa nje huitaja kwanza, kwa Tanzania imekuwa kwa miaka mingi ya kulipia tu, si ya kupokelea. Kila mchoraji aliyewahi kufanya kazi ya nje ana kisa cha malipo yaliyochelewa. Tapeli ameikalia shida hiyo. Kwa hiyo jueni pesa halali inavyosafiri. Ikitumwa benki kwa benki kupitia SWIFT, mtandao wa benki wa kutumiana pesa kimataifa, makato hutolewa ndani ya pesa yenyewe: umetumiwa 900, unakuta 870 na kidogo. Hakuna benki inayokutaka utume kwanza hela ya kuikomboa hela yako, tena kwa namba ya simu ya mtu. Mteja akisema ametuma, mwombe nakala ya muamala wa SWIFT yenye namba ya kufuatilia, ni mlolongo wa herufi na tarakimu wenye alama 36 ukihesabu na vistari. Nenda nayo tawini kwako, wataulizia. Risiti ya tapeli wetu haikuwa na namba hiyo, ina nembo na muhuri tu. Njia nyingine ni Payoneer, au huduma za kutuma pesa zinazoingia moja kwa moja kwenye simu. Huko pia makato hukatwa kwenye muamala wenyewe.

Barua pepe zake zinatumia jina la kampuni halisi lililoongezewa kistari na neno la Kiingereza la vitabu. Fungua lookup.icann.org, andika yale maneno yaliyo baada ya @, utaona tarehe anwani hiyo ilipoandikishwa. Ya kwake imeandikishwa mwaka huu, wakati kampuni anayoisingizia ilikuwa inachapa vitabu wazazi wetu hawajazaliwa. Mimi niliingia tovuti ya kampuni yenyewe, nikachukua anwani iliyoko pale, nikauliza kama wana mtu wa jina hilo. Wakajibu hawamjui. Kuuliza hivyo hakumuudhi mteja wa kweli. Na si sisi peke yetu tunaosumbuliwa: chama cha waandishi wa hadithi za kisayansi na fantasia cha Marekani, SFWA, kinadhamini huduma iitwayo Writer Beware, iliyoanza 1998, inayotoa tahadhari bure juu ya matapeli wa vitabu, wakiwemo hawa wanaojifanya wahariri wa kampuni zinazojulikana. Someni mkipata bando.

Kuhusu advansi, msione haya. Nusu kabla ya kuanza, nusu kabla ya faili kubwa kutoka, ni utaratibu wa kawaida kwa mteja asiyekujua na usiyemjua. Kwenye mkataba andikeni pia mteja anaruhusiwa kuitumia picha wapi: kitabu cha karatasi, cha kielektroniki, cha kusikiliza, kwa lugha ipi, kwa miaka mingapi. Ule wa tapeli ulikuwa na sentensi moja tu, kwamba haki zote milele ni za kampuni "tangu kupokelewa kwa faili". Yaani hata bila kulipwa.

Aliyeibiwa picha asikate tamaa. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inailinda kazi tangu ilipoundwa, hata kama hukuiandikisha COSOTA, ofisi yetu ya hakimiliki, ingawa kuiandikisha kunakupa karatasi ya kuonyesha. Kwa duka la mtandaoni la Marekani kuna sheria yao ya 1998, DMCA: unapeleka taarifa kwamba kazi ni yako, unaweka kiungo cha kitabu na ushahidi, wanakishusha. Ushahidi mzuri kuliko wote ni lile faili lako la leya pamoja na skechi za mwanzo zenye tarehe. Kijana wa Ujiji tumeshamsaidia kujaza na kutuma. Wengine pitisheni picha zenu TinEye au Google Lens, zinazotafuta picha ilipo mtandaoni, huenda zimeshawekwa sokoni na hamjui.

Aliyetuma hela apige simu kwa kampuni yake ya mtandao mara moja, maana kama haijatolewa inaweza kuzuiwa. Namba iliyopokea iripotiwe TCRA kupitia 15040. Halafu polisi. Utapeli wa namna hii unaangukia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kwa hiyo msikubali kuambiwa ni ugomvi wa kudaiana, dai RB yako.

Jumatatu saa tatu asubuhi tunakwenda kituo cha polisi cha kati sisi tulioko mjini. Mlioombwa kazi na mtu huyu, hata kama hamkutuma kitu, njooni. Njooni na simu yenye mazungumzo yenyewe, msiyafute kwa hasira, ujumbe wa miamala, mkataba aliowatumia, na mafaili yenu ya leya kwenye flashi. Walioko Tabora, Kasulu na Kibondo nitumieni inboksi namba aliyotumia kwenu na jina lililotokea mlipolipa, nataka kujua kama ni mtu yule yule.