Saa ya mazoezi kwa mwanariadha wa Tanga: Forerunner 55, Pace 3 au Forerunner 255?

Anayejiandaa kwa mbio ndefu akiwa Tanga hasumbuliwi na maghorofa yanayoziba satelaiti. Kinachomsumbua ni jasho lisilokauka, chumvi ya bahari, jua la saa nne asubuhi linalofuta maandishi kwenye kioo, na waya wa chaji ambao ukiharibika si rahisi kuupata kwenye maduka ya simu ya Ngamiani. Ndiyo maana saa tatu zinazojadiliwa hapa, Garmin Forerunner 55 iliyotoka mwaka 2021, Forerunner 255 ya 2022 na Coros Pace 3 ya 2023, hazikupangwa kwa wingi wa vikorombwezo. Zimepangwa kwa swali moja: ipi itaendelea kusema kweli baada ya miezi ya mazoezi ufukweni?

Saa janja za bei chee zinazouzwa vibandani tuziache kabisa kwa kazi hii. Nyingi hazina GPS yake yenyewe. Hutegemea ya simu, na usipobeba simu hukadiria umbali kwa kuhesabu hatua. Ukipunguza mwendo hatua hufupika, ukiongeza hurefuka, saa haijui, na umbali unaoandikwa haulingani na uliokimbia. Muuzaji akikuapia kwamba GPS imo, zima bluetooth ya simu, toka nje mahali peupe, anzisha zoezi la kukimbia na utembee mtaa mmoja au miwili. Kisha iunganishe na simu. Kama hakuna mstari wa njia kwenye ramani, GPS haimo.

Saa zetu tatu zote zina kioo cha MIP, kinachotumia mwanga wa jua wenyewe kuonyesha maandishi. Jua linavyozidi ndivyo kinavyosomeka, na betri hailiwi. Vioo vya AMOLED, kama vya Forerunner 165 na 265, vinapendeza dukani na vinasomeka juani pia, ila hushindana na jua kwa kuongeza mwanga, na mwanga huo unatoka kwenye betri. Vitufe ni muhimu zaidi ya kioo. Forerunner 55 na 255 zina vitufe vitano na kioo kisichoguswa. Kwa hewa yetu yenye unyevu hiyo ni faida kubwa, maana tone la jasho kwenye kioo cha kugusa husomwa kama kidole na zoezi linaweza kusimama bila wewe kujua. Pace 3 ina kioo cha kugusa, kitufe kimoja na kizungushio. Ingia kwenye mipangilio, zima kugusa wakati wa mazoezi, utumie kizungushio peke yake.

Kwenye satelaiti, 255 na Pace 3 hupokea mawimbi ya masafa mawili, 55 hupokea masafa moja. Kazi ya masafa ya pili ni kusaidia saa kutambua mawimbi yaliyogonga ukuta au majani mazito kabla ya kuifikia. Kwa njia za mjini, kutoka Raskazone kukatiza barabara za namba za Ngamiani hadi Duga, au ukielekea mapango ya Amboni, anga ni jeupe na 55 inatosha kabisa. Mambo hubadilika ukitoka Muheza kupanda Amani, ndani ya msitu wa Usambara Mashariki, ambako miti ni mirefu, kona ni kali na mlima unakufikisha kama mita 900 juu ya bahari. Huko saa ya masafa moja hukata kona, umbali ukapungua, na kasi ya dakika kwa kilomita hurukaruka hadi haifai kufuatwa. Tena 55 haina kipima shinikizo la hewa, ambacho saa hukitumia kujua mwinuko, kwa hiyo usitegemee hesabu yake ya mita ulizopanda. Masafa mawili nayo yana gharama: betri ya Pace 3 hushuka kutoka saa 38 za GPS hadi 15, ya 255 kutoka 30 hadi 16. Yawashe unapoingia msituni, mjini yazime.

Lakini kosa linalowapata wengi halihusiani na masafa. Saa hupakua kupitia simu faili linaloonyesha satelaiti zitakuwa wapi siku chache zijazo. Usipoiunganisha na simu wiki nzima kwa sababu bando limekwisha, faili hupitwa na wakati na saa huanza kutafuta upya. Mita mia kadhaa za mwanzo hupotea, au mstari wa njia huanzia uani kwa jirani. Iunganishe usiku wa kuamkia mbio ndefu. Alfajiri simama mahali peupe, mbali na mwembe, subiri alama ya satelaiti ikamilike, kisha ongeza dakika moja kabla ya kubonyeza kitufe cha kuanza.

Sasa mapigo ya moyo, ambako pesa nyingi hupotea bure. Saa humulika mwanga wa kijani kwenye ngozi na kusoma kiasi kinachorudi, kwa kuwa damu inayopita hukibadilisha. Ngozi nyeusi hunyonya zaidi mwanga huo wa kijani, hivyo unaorudi ni mchache, na mtikisiko wa mkono huweza kuuzidi nguvu. Kwenye mbio za polepole saa nyingi husoma vizuri tu. Taabu huanza kwenye vipande vya kasi: unakimbia mita 400 kwa nguvu, moyo umeshapanda, saa bado inapanda ngazi, na inapofika juu wewe uko kwenye mapumziko. Kosa jingine lina dalili iliyo wazi. Uko kwenye mwendo mwepesi, unaongea na mwenzako bila kuhema, saa inaonyesha mapigo 170 na zaidi. Ukirudi, fungua grafu ya hatua kwa dakika uiweke pamoja na ya mapigo. Mistari ikilaliana, saa imehesabu nyayo zako badala ya moyo. Kuivaa upana wa kidole kimoja juu ya mfupa wa kifundo cha mkono, ikiwa imekazwa isiteleze, hupunguza kosa hili lakini haliishi.

Dawa yake ni mkanda wa kifua kama Polar H10, unaosoma umeme wa moyo wenyewe. Hutumia betri bapa ya CR2025 inayodumu kama saa 400 za mazoezi, na hutuma taarifa kwa bluetooth na kwa ANT+, njia nyingine ya kutuma bila waya. Hapo kuwa makini, kwa sababu Garmin hupokea ANT+ lakini Pace 3 haipokei. Mkanda wa zamani wa ANT+ pekee hautaongea nayo. Kabla ya kuuvaa, lowesha kwa maji sehemu zinazogusa kifua, maana mkanda mkavu husoma ovyo mpaka jasho litoke. Ukimaliza bandua kidude cha mbele. Kikiachwa kwenye mkanda uliolowa hudhani bado umevaliwa, na betri inaendelea kuliwa usiku kucha. Kwa anayefuata programu ya mazoezi kwa mapigo, Forerunner 55 pamoja na mkanda ni bora kuliko 255 bila mkanda, na tunalisema hili bila kusita.

Joto nalo huichanganya saa. Miezi ya Januari hadi Machi, jasho halikauki mwilini, damu nyingi hupelekwa kwenye ngozi kupoza mwili, na moyo hupanda ingawa kasi ni ileile. Saa inayokadiria uwezo wako kwa kulinganisha kasi na mapigo huona umedhoofika. Namba ya VO2max, yaani kadirio la oksijeni nyingi kabisa ambayo mwili wako unaweza kutumia, ikishuka msimu huo usiongeze mazoezi kwa hasira. Pima kwa mbio za alfajiri, au subiri Juni na Julai. Forerunner 255 ina hesabu ya kuzoea joto inayoanza kazi hewa ikizidi nyuzi 22, lakini hali ya hewa huipata kupitia simu, kwa hiyo nayo inataka kuunganishwa. Na katika saa yoyote badilisha mapigo ya juu kabisa uliyowekewa kiwandani, yale ya 220 ukitoa umri. Weka namba uliyoiona kwenye mkanda ukimaliza mlima kwa nguvu zako zote, la sivyo kanda zote za mazoezi, yaani viwango vya mapigo kuanzia mwendo mwepesi hadi mkali, zitakuwa si zako.

Chumvi ndiyo adui wa pini za kuchajia. Jasho au maji ya bahari yakibaki pale kisha ukachomeka waya, umeme hupita kwenye chumvi, pini hugeuka kijani au nyeusi, na baada ya muda saa haichaji hata ukisugua. Kila baada ya mazoezi isuuze kwa maji ya bomba, pitisha mswaki laini kwenye pini, futa, iache ikauke kabisa ndipo uichaji. Usitumie sabuni yenye nguvu wala kuianika juani. Mkanda wa saa ufunguliwe angalau mara moja kwa wiki. Chumvi iliyojificha chini yake ndiyo inayoleta vipele mkononi.

Kwa kuogelea, saa zote tatu zina kinga ya ATM 5, inayotosha kuogelea juu ya maji lakini si kupiga mbizi. Forerunner 55 ina mpango wa kuogelea bwawani tu. Anayeogelea baharini au anayefanya mashindano ya michezo mitatu achague kati ya 255 na Pace 3, na asishangae umbali ukiwa na kasoro, kwani kila mkono unapozama mawimbi ya satelaiti hukatika. Kwa baiskeli, kama njia ya Pangani ya kilomita 50 hivi, barabara ikiwa mbovu hutikisa mkono uliokunjwa kwenye usukani na mapigo ya kifundoni hayaaminiki. Huko pia vaa mkanda.

Zilipoanza kuuzwa Marekani, 55 iliuzwa dola 200, Pace 3 dola 229 na 255 dola 350. Kwa bei hizo Pace 3 ndiyo chaguo letu la kwanza: ina uzito wa gramu 30 tu ikiwa na mkanda wa kitambaa, betri ndefu kuliko zote kwa GPS ya kawaida, na uwezo wa msituni na baharini. Mwenye mkono unaotoka jasho jingi asiyetaka kabisa kioo cha kugusa aongeze pesa achukue 255. Anayekimbia barabarani tu achukue 55, akiba yake ainunulie mkanda.

Ukinunua iliyotumika, ichaji hadi mwisho kisha irekodi saa moja nje kwa GPS ya kawaida, bila muziki. 55 nzima hupungua kama asilimia 5, na 255 au Pace 3 kama asilimia 3. Ikipungua mara mbili ya hapo, betri imebaki nusu. Punguza bei au iache. Angalia pini kwa tochi ya simu, na kama ni Garmin hakikisha mwenyewe ameiondoa kwenye akaunti yake mbele yako. Waya wa chaji nunua miwili siku hiyohiyo, maana wa Coros hauingii kwenye Garmin na wa Garmin hauingii kwenye Coros.