Silikoni ya bati au ya platini kwa chukudu ndogo?

Mfano wangu ni chukudu (kigari cha mbao cha magurudumu mawili cha kubebea mizigo) ya sentimita 12: ubao na magurudumu ya mti, usukani wa plastilini, yaani udongo laini wa kufinyangia. Nataka nakala za rezini za kuwauzia wageni hapa Goma. Kalibu, au mule kama tunavyosema huku, niifanye kwa silikoni gani?

Inayogandishwa kwa platini husinyaa kidogo mno na hudumu miaka mingi. Lakini ina deko! Ikigusa salfa, iliyomo katika baadhi ya plastilini, au hata glavu za mpira, inagoma kuganda, nawe unabaki na uji unaonata juu ya kazi ya wiki nzima. Yalinikuta. Ya bati haijali salfa na bei yake ni nafuu. Huhitaji unyevu kidogo wa hewa, na kando ya Ziwa Kivu haukosekani. Kasoro yake ni kusinyaa polepole, kisha baada ya miaka michache kuanza kuchanika.

Kwa nakala 20 au 30 nachukua ya bati. Mfano ungekuwa mti mtupu, ningelipia platini. Magurudumu, kwa vyovyote, namimina kando: yakiachwa mahali pake, hewa hunaswa chini ya ekseli.