Rangi ya ukuta kwa tabia yako, lakini kwanza egemea uone

Malalamiko mliyonitumia mwezi huu yanafanana yote: mtu kapaka ukumbi wake rangi ya kupendeza, wageni wamekuja, wameegemea, wakinyanyuka mabuibui mgongoni yamekuwa meupe pepepe. Nilitaka niandike tu rangi ipi inamfaa mtu wa tabia gani, na nitaandika, ila hili la unga lije mbele kwa sababu madukani hakuna anayelisema. Wanaume ndo kabisa hawalioni, wao kanzu nyeupe, wanakaa barazani wanaegemea mpaka magharibi na unga wanaondoka nao hawana habari.

Unatoka wapi? Ndani ya rangi ya maji mna gundi, mna rangi yenyewe na mna chaki ya kujazia. Gundi ikiwa chache chaki haina cha kuishika, inakauka inabaki juu juu, ukipitisha mkono tu unayo. Rangi ya aina ya silki ina gundi zaidi ndo maana inang'aa kidogo na inafutika kwa kitambaa. Zile zisizong'aa gundi yake pungufu, nzuri hazitoi unga, za ovyo zinakuaibisha. Basi nunua kopo dogo kwanza, paka kipande nyuma ya mlango, acha siku kadhaa ikauke sawasawa, kisha sugua kwa kitambaa cheusi. Lita moja inakwenda mita ngapi, hayo muulize fundi wako.

Haya, namba moja kwangu ni mtu wa watu, yule ambaye nyumbani kwake chai haitoki jikoni. Huyu achukue krimu au rangi ya mchanga, na iwe silki. Kwenye silki mie nachukua ya kampuni ya Coral, mtasema napendelea, ndio napendelea.

Namba mbili ni mpole, anapenda kukaa peke yake na kusoma. Kijani kilichofifia, au buluu iliyokaribia kijivu. Chumbani kwake isiyong'aa inaruhusiwa, nani ataegemea? Ila akaitazame usiku pia, taa nyeupe za LED zinaifanya buluu iwe baridi, kadi ya dukani uliichagua mchana juani.

Namba tatu mtu wa mbwembwe, anataka nyekundu au zambarau. Mwenzangu, ukuta mmoja, ule usiokaliwa na kochi. Rangi nzito ukiikwaruza hata kwa ukucha inaacha mstari mweupe, na ikisuguliwa na mgongo wa kiti inang'aa pale pale tu, kwengine haing'ai.

Mwisho kabisa mtu msafi kupita kiasi, kila siku ananiambia nyeupe nyeupe. Hapana. Na watoto? Utafuta vidole mpaka uchukie nyumba, chukua krimu.

Za bei ya chini nazipita, nyingi ndo hizo za unga. Chokaa tu naiwekea neno: nyumba kongwe za Mji Mkongwe, zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, ukuta wake unavuta unyevu na unatakiwa uutoe, ukiuziba kwa rangi ya plastiki inavimba na kubanduka. Huko pakeni chokaa, na wageni wape mito ya mgongoni.

Sasa wauzaji. Ukikaribia mfungo kila mtu anataka kupaka nyumba, na bei inapanda, ukiuliza unaambiwa mzigo umevuka bahari, kwani mwezi uliopita ulikuja kwa miguu? Mwengine anakuchanganyia kwa macho, ndoo ya pili ukirudi wiki ya pili si ile tena, ukumbi una rangi mbili na kurudisha hataki kwa sababu imeshachanganywa. Nunueni ndoo zote siku moja, na fundi azimimine pamoja kabla ya kuanza. Na kuna muuzaji mmoja wa Mwanakwerekwe, Unguja, simtaji, nilimuomba anioneshe ubao uliopakwa nikaupangusa kwa mtandio, akanambia naharibu bidhaa. Bidhaa gani inaharibika kwa mtandio! Nikatoka nikaenda duka la jirani yake.