Upinde wa kapi wa kwanza: upi ununue ukiwa Dodoma

Wengi wanaotafuta upinde wa kapi, yaani ule wenye magurudumu madogo kwenye ncha za mikono yake, kwa mara ya kwanza huanza kuuliza kasi: unarusha mshale futi ngapi kwa sekunde? Kwa mtu wa Dodoma swali hilo lije mwisho. La kwanza liwe hili: nikitaka kubadilisha urefu wa mvuto (umbali ambao upinde huvutwa) au kupunguza nguvu, naweza kufanya kazi hiyo mwenyewe nyumbani Nkuhungu au Iyumbu, kwa spana za aleni tu? Baadhi ya pinde za bei kubwa hazibadilishiki urefu wa mvuto bila presi, yaani mashine inayokunja mikono ya upinde hadi ugwe (kamba ya upinde) ulegee. Huwezi kumpelekea fundi baiskeli kazi hiyo, wala mchomeleaji. Ukinunua upinde usioendana na mwili wako, utaishia kuning'inia ukutani. Orodha hii nimeipanga kwa kipimo hicho.

Kabla ya fedha kutoka, kuna sheria. Kuwinda mnyamapori bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na kanga au digidigi wa porini naye ni mnyamapori. Ukikutwa na upinde ndani ya pori la akiba kama Swagaswaga au Mkungunero bila ruhusa, kujitetea kwamba ulikuwa unajifunza tu hakutakusaidia. Nenda ofisi ya TAWA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, uulize kuhusu kibali na aina ya silaha inayoruhusiwa, pitia polisi, kisha uliza forodha kuhusu kuingiza mzigo wenyewe. Juu ya bei ya dukani kuna usafiri, ushuru na VAT, na upinde wa bei nafuu unaweza kukufikia ukiwa si wa bei nafuu tena. Mazoezi ya uani nayo yanatosha kabisa kuwa sababu ya kununua.

Sasa vipimo. Simama umenyoosha mikono pembeni, mtu akupime kutoka ncha ya kidole cha kati hadi ncha ya kingine, kwa inchi. Gawanya kwa 2.5. Mwenye inchi 68 atapata kama 27, na huo ndio urefu wake wa mvuto kwa kuanzia. Nguvu hupimwa kwa ratili (pauni). Kaa kwenye kiti, elekeza upinde mbele yako ukiwa na mshale, mbele kuna kizuizi, kisha vuta moja kwa moja nyuma. Ukilazimika kuuinua juu angani ndipo uvutike, ni mzito kwako, punguza. Wanaume wengi huanza vizuri kwenye ratili 40 hadi 45, wanawake wengi 25 hadi 35. Kwa swala wa umbo la kati, ratili 40 ndicho kiwango cha chini ninachokiona cha haki kwa mnyama, na kwa tandala nenda 60 au zaidi. Mshale dhaifu humjeruhi mnyama akaenda kufia mbali kwa mateso, na hilo mwindaji mwenye heshima halikubali.

Kapi ndizo zinazoutofautisha upinde huu na wa Wasandawe wa Chemba, ambao mvuto wake huzidi kuwa mzito kadiri unavyovuta. Huu huwa mzito katikati, halafu mwishoni hupungua kwa asilimia 75 hadi 85. Upinde wa ratili 45 ukipungua kwa asilimia 80, unabaki umeshikilia ratili 9 tu huku ukilenga kwa utulivu. Mmarekani Holless Wilbur Allen wa Missouri ndiye aliyepata hataza ya ubunifu huo mwaka 1969.

Nafasi ya kwanza naipa Diamond Infinite Edge Pro. Nguvu yake huanzia ratili 5 hadi 70, urefu wa mvuto inchi 13 hadi 31, na yote hayo hurekebishwa bila presi. Mtoto wa darasa la sita anaweza kuanza nao, na baba yake akautumia jioni hiyo hiyo baada ya kukaza skrubu. Kasi yake ni ya wastani, lakini mshale ukipita pembeni ya shabaha, kasi hiyo imekusaidia nini?

Ya pili ni Bear Cruzer G2: ratili 5 hadi 70, inchi 12 hadi 30, mwepesi kidogo. Kwa mtu mfupi au mwenye mwili mdogo ningeuweka wa kwanza. Kwa mwenye mikono mirefu, ile inchi 30 itambana.

Ya tatu ni Genesis, na hapa kuna sharti: uwe wa mazoezi tu. Ni ratili 10 hadi 20, hauna ule unafuu wa mwishoni, kwa hiyo hauna urefu maalumu wa mvuto na familia nzima inaupokezana bila kugusa skrubu. Ndio unaotumika katika mpango wa kufundisha ulengaji shuleni ulioanzia Kentucky mwaka 2002. Kuwinda nao usithubutu.

Mtumba wa kampuni ya Hoyt au Mathews nauweka wa nne. Ni pinde nzuri sana, ila muuzaji akikuambia "unakaa tu vizuri" hakikisha urefu wake wa mvuto ni wako hasa. Chukua pamba, ipitishe taratibu kwenye mikono yote miwili, mbele na kingoni. Nyuzi za pamba zikinasa mahali, pana ufa hapo, rudisha upinde. Kagua ugwe unapoingia kwenye kapi, maana huanza kukatika nyuzi pale. Itazame kapi inavyozunguka: ikiyumba, mhimili umepinda.

Ya mwisho ni pinde zisizo na jina zinazouzwa mtandaoni kwa bei ya kushangaza, ambazo hazitaji hata urefu wa mvuto. Sizipendekezi kwa yeyote.

Bakiza fedha ya mishale. Mshale mwepesi mno huuumiza upinde kama kuufyatua mtupu (bila mshale), kwa hiyo usishuke chini ya nafaka 5, kizio kidogo cha uzito wa mshale, kwa kila ratili ya nguvu ya upinde. Kwa kuwinda tafuta mshale wa nafaka 400 na kuendelea, kama gramu 26. Kila mara kabla ya kurusha, ukunje mshale wa kaboni kidogo karibu na sikio. Ukisikia mlio wa kupasuka, uvunje kabisa uutupe, maana ukivunjikia kwenye upinde vipande vyake huingia mkononi.

Shabaha ya uani ni rahisi: jaza kiroba kwa matambara ya mitumba, shindilia hadi kiwe kigumu, kiegemeze kwenye tuta la udongo. Usiegemeze kwenye ukuta wa tofali, mshale utarudi au kuvunjika. Anza mita 8, na hakikisha hakuna njia ya watu wala mbuzi nyuma ya tuta. Chembe za kuwindia, yaani vichwa vya mshale vyenye makali, usizirushe humo, hukata viroba na kuchana matambara.

Wageni wataomba kuuvuta. Wakatalie kama hakuna mshale, kwa sababu kuufyatua mtupu mara moja tu kunaweza kupasua mikono au kurusha ugwe nje ya kapi. Vumbi letu la kiangazi hula ugwe, kwa hiyo upake nta mara kwa mara na uifute kapi kwa kitambaa kikavu. Usiuache ndani ya gari lililoegeshwa juani Majengo hata kwa saa moja. Ugwe hubadilishwa baada ya miaka miwili au mitatu, na kazi hiyo inataka presi, hivyo kabla ya kulipa muulize muuzaji ataifanyia wapi na kwa gharama ya nani.