Fungu la nusu dola za Columbian zilizosagika: nyota 4 kati ya 5

Kwa wanaotaka kujua kama inalipa kununua fungu la sarafu za ukumbusho zilizochakaa kabisa, mi nasema inalipa, ila angalia unanunua nini. Hili langu ni la nusu dola za Columbian za Marekani, za 1892 na 1893 zimechanganywa, nimelitoa kwa muuzaji mmoja wa mnada wa mtandaoni aliyeandika "zimetumika sana" basi, hakuna maelezo mengine. Na kweli zimetumika aisee. Kuna moja Columbus kabaki kivuli tu, nywele hakuna, nyusi hakuna, na upande wa pili matanga ya meli yake, Santa Maria, yamelainika mpaka unayapapasa kwa kidole hayashiki.

Sasa mtu asikudanganye kwamba Columbian iliyosagika ni adimu, sio kweli. Hizi ziliuzwa kwa ajili ya maonyesho ya Chicago, dola 1 kwa sarafu yenye thamani ya senti 50, ya kwanza kabisa wakainunua watengenezaji wa mashine za kuchapa za Remington kwa dola 10,000, lakini watu wa kawaida hawakuzigombania hivyo. Za 1893 zilipigwa zaidi ya milioni 4, zaidi ya nusu zikarudi kuyeyushwa, na nyingine zilizododa zikaachiwa mtaani kwa senti 50 zake kama hela yoyote. Ndio maana zimelika, watu walinunulia vitu. Kwa hiyo bei yake isiende mbali na bei ya madini ya fedha yaliyomo, na hapo muuzaji wangu alikuwa muungwana. Kitu kimoja tu, mpya ina gramu 12.5 na fedha ni asilimia 90, iliyosagika inapungua, ukipigiwa hesabu ya uzito wa mpya unalipia hewa, weka kwenye mizani.

Adimu hasa ni robo dola ya 1893 yenye sura ya Malkia Isabella wa Hispania, zilibaki kama 24,000 tu na wengi waliinunua wakaiweka kumbukumbu, haikuzunguka, ukiipata imelika mpaka laini wakusanyaji wa seti za gredi za chini, yaani sarafu zilizochakaa kabisa, watakutafuta wenyewe. Hao jamaa wanachekesha, skeli ya Sheldon, ile ya kupima hali ya sarafu, inaanzia 1 iliyochakaa kabisa mpaka 70 isiyo na dosari, dunia nzima inakimbilia 70 wao wanataka 1. Ila 1 sio kwamba sarafu imekufa, lazima bado utambue ni sarafu gani na ya mwaka gani. Kwenye Columbian mwaka uko upande wa meli, chini kabisa karibu na ukingo, ukingo ukilika nao unaondoka, halafu unabaki unaona 1492 pembeni ya zile tufe mbili za dunia chini ya meli unadhani ndio tarehe, kumbe ule ni mwaka wa safari ya Columbus yenyewe. Kwenye fungu langu zipo za hivyo, mwaka hausomeki hata kwa lenzi, hizo gredi usahau, ni za kushika mkononi tu na kusema kweli ndizo nazipenda kuliko zote.

Ubora kwa ujumla ni mzuri, uchakavu ni wa asili, kijivu kimetulia, kwenye mabonde ya herufi pameshika weusi. Shida ziko mbili. Moja imesuguliwa na kitu, ina mikwaruzo yote imelala upande mmoja na inang'aa ovyo, yaani mtu alitaka kuharakisha uzee. Nyingine ina alama ya kulehemu, ilikuwa bruchi ya mtu huko nyuma, na picha ya mnada ilionyesha upande mmoja tu, upande msafi bila shaka.

Halafu vile vifuko vya plastiki laini vyenye harufu alivyofungia, jamani, ni PVC, aina ya plastiki isiyofaa kuhifadhia sarafu, vinaacha utando wa kijani unaonata na unaila sarafu. Nimezihamishia zote kwenye fremu za kadibodi siku ile ile.

Nyota moja nimeikata kwa ajili ya ile bruchi, angepiga picha pande zote ningempa zote tano. Analo pia fungu la Stone Mountain za 1925, nusu dola nyingine za ukumbusho za Marekani, hilo nimelipita, zimechakaa nusu nusu, hazina sura ya mpya wala ulaini wa zilizolika, na bei anataka ile ile.