Laptopu ya punguzo Arusha: ipi uibebe, ipi uiache dukani

Mpwa wangu alipopata nafasi Chuo cha Uhasibu pale Njiro, alinipigia simu akiwa dukani Barabara ya Sokoine. "Mjomba, hii imeshuka toka milioni na laki sita mpaka milioni na laki mbili. Kaka wa hapa anasema leo ndiyo mwisho. Nilipie?" Nikamwambia afungue Task Manager, programu ya Windows inayoonyesha vilivyomo ndani ya mashine, apige picha ukurasa wa Performance, kisha aigeuze laptopu apige picha kibandiko cha chini. Picha zilipoingia nikamwambia ashukuru, atoke.

Laptopu yenyewe ilikuwa mpya, nzima, na boksi lake. Kilichonifanya nimkataze ni ile milioni na laki sita iliyopigwa mstari mwekundu. Ilikuwa bei ya ndugu yake: jina lilelile kwenye mfuniko, rangi ileile, lakini prosesa (ubongo wa mashine) nyingine na RAM (kumbukumbu ya kazi inayoendelea) mara mbili. Hiyo aliyoishika haikuwahi kuwa na thamani hiyo hata siku moja, kwa hiyo hapakuwa na punguzo lolote hapo.

Nimewasindikiza ndugu na majirani wengi kununua laptopu mjini hapa, na wanaoumia huumia kwa namna hiyohiyo. Wanapima punguzo kwa kuangalia bei ya zamani. Bei ya zamani anaiandika muuzaji. Wewe pima kwa vitu viwili: mashine hiyohiyo inauzwaje kwingine, na itakutumikia miaka mingapi.

Kuipata bei ya kweli

Usiulize "HP 15 shilingi ngapi" wala "IdeaPad shilingi ngapi". Hayo ni majina ya ukoo. Chini ya HP 15 utakuta mashine ya prosesa dhaifu ya Celeron na utakuta ya i7 yenye nguvu. Nakili namba kamili ya modeli iliyo kwenye kibandiko cha chini, yenye herufi na tarakimu zake zote, kisha uliza maduka matatu kwa namba hiyo. Piga na Kariakoo, ujumlishe nauli ya mzigo kwenye basi. Kama Kariakoo pamoja na usafiri ni laki moja chini ya "punguzo" la Arusha, basi hilo si punguzo. Ila nami huongeza kitu kidogo kwa duka la hapa, kwa sababu ikiharibika wiki ya pili ninafika kwa miguu na mashine mkononi. Elfu hamsini ya ukaribu huo naitoa bila kinyongo. Laki mbili siitoi.

Kuna wanaovuka Namanga kufuata bei za Nairobi. Kabla hujapanda gari, weka kwenye hesabu nauli, taratibu za forodha, na swali la nani atakutengenezea ikirudi.

Halafu muulize muuzaji wazi: kwa nini imeshuka? Majibu mazuri yapo. Modeli mpya imeingia. Boksi limechanika. Ilikuwa ya maonyesho. Imekuja bila Windows, ina FreeDOS tu, mfumo mtupu usioendesha programu za Windows. Hili la mwisho wengi hawaligundui hadi wafike nyumbani. Akikosa jibu, au akikimbilia kusema wateja ni wengi, nenda kanywe chai kwanza.

Soma namba, acha jina

Hapa ndipo pesa nyingi zinapopotelea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Neno i5 la Intel au Ryzen 5 la AMD, kampuni mbili zinazotengeneza prosesa, peke yake halisemi kitu. Kwa Intel za miaka mingi, tarakimu zinazofuata ndizo zinataja kizazi: i5-7200U ni kizazi cha 7, i5-8250U cha 8, i5-1135G7 cha 11, i5-1235U cha 12. Tofauti zake ni kubwa. i7-7500U ina viini (sehemu za prosesa zinazofanya kazi kwa pamoja) viwili tu, ilhali i5-8250U iliyotoka 2017 ina vinne. Mtu anayelipa zaidi kwa sababu ameona "i7" anaweza kubeba mashine dhaifu kuliko i5 iliyo pembeni yake. Na i3-1215U ya kizazi cha 12, yenye viini sita, inaziacha mbali i5 nyingi za zamani zinazosifiwa madukani. Kuanzia mwisho wa 2023 Intel wakaanza kuiacha ile herufi "i", ndiyo maana sasa unakuta Core 5 120U au Core Ultra 5. Usidhani ni feki.

AMD ndiyo inayochanganya zaidi. Katika mfululizo wa 7000 tarakimu ya kwanza ni ya mwaka wa toleo, lakini umri wa teknolojia ya ndani umeandikwa kwenye tarakimu ya tatu. 7520U ina 2: yaani Zen 2, teknolojia iliyoanza 2019, viini vinne. 7530U ina 3: Zen 3, viini sita. Kwa macho zinapishana tarakimu moja, kwa kazi ni mashine mbili tofauti. Zaidi ya hapo, 7520U inatumia RAM aina ya LPDDR5, ambayo hugandishwa kwa risasi kwenye ubao. Ukinunua yenye GB 8, utakufa nayo na GB 8. Ndiyo aliyokuwa ameishika mpwa wangu.

RAM yenyewe: GB 8 leo ni ya kuanzia, na ukifungua kivinjari, Word na kikao cha Zoom kwa pamoja utaisikia inahema. Zamani nilikuwa nasema chukua ya 8, utaongeza baadaye kwa bei rahisi. Siku hizi sisemi hivyo kirahisi. Mwishoni mwa 2025 bei ya RAM ilipanda sana duniani, viwanda vilipoelekeza uzalishaji kwenye vituo vya data vya akili mnemba. Kwa hiyo laptopu ya punguzo inayokuja na GB 16 ndani ina thamani ambayo kibandiko cha bei hakiionyeshi. Kama ina 8, Task Manager kwenye ukurasa wa Memory mara nyingi itakuonyesha nafasi ngapi za RAM zimetumika. "1 of 2" ni habari njema.

Diski iwe SSD, hifadhi isiyo na sehemu inayozunguka, na iwe ya NVMe, aina yake ya kasi zaidi, ukiweza. Neno eMMC, hifadhi ya polepole, likitokea, rudisha mashine mezani. Kioo kiwe 1920 kwa 1080 na kiwe IPS, aina inayoonekana vizuri hata pembeni: kitazame kwa pembeni, rangi zikigeuka au kikawa cheusi ni TN, aina duni, macho yako yatalipia.

Mpangilio wangu

Napanga kwa mtu wa chuo au wa ofisi ndogo: kuandika, Excel, intaneti, vikao vya video. Mtu wa kuhariri video za safari asome kwingine. Kila mashine naigawanya bei kwa miaka ninayoamini itafanya kazi bila kukera, pamoja na gharama ya kuiweka sawa. Bei ninazotaja ni za mfano. Weka za siku yako.

Ya kwanza kwangu ni iliyotumika ya ofisini, kizazi cha 11: HP EliteBook 840 G8, Dell Latitude 5420, Lenovo ThinkPad T14 Gen 2. Hizi zilikuwa za bei ya juu zilipokuwa mpya, zina bawaba ngumu na kibodi ya kuandikia kweli, na zinachajiwa kwa USB-C, hivyo chaja ikifa njiani huna haja ya kuhangaika na yenye pini ya aina moja tu. 840 G8 na 5420 zina nafasi mbili za RAM. T14 Gen 2 ina moja, nyingine imegandishwa. Jihadhari na 7420, inafanana na 5420 lakini RAM yake haiongezeki. Tuseme umeipata kwa 900,000 na betri mpya ni 100,000: milioni moja kwa miaka minne, ni 250,000 kwa mwaka.

Ya pili ni mpya iliyofungwa ya msimu uliopita, Ryzen 5 7530U au i5 ya kizazi cha 12 au 13, SSD ya GB 512, kioo cha IPS. Ikifika 1,250,000 na ukaipa miaka mitano, ni 250,000 kwa mwaka pia. Hapo ndipo punguzo linapoanza kuwa la kweli: mpya inapolingana na nzuri iliyotumika, halafu ikakupa na waranti juu yake. Kwa mtu asiyejua kukagua na asiye na wa kumkagulia, hii inapanda nafasi ya kwanza. Lakini bawaba za plastiki za mashine hizi zinahitaji adabu, usiifungue kwa kushika kona moja.

Ya tatu ni ya maonyesho. Imekaa dukani imewaka mchana kutwa, vumbi la mji limeingia kwenye feni, na betri imekuwa kwenye chaji muda wote. Ninaikubali ikiwa imeshuka walau asilimia 20 chini ya bei ya kweli niliyoipata kwa simu, na waranti inahesabiwa tangu siku ninayonunua mimi.

Ya nne ni ya ofisini ya kizazi cha 8, kama EliteBook 840 G5 au ThinkPad T480. Kizazi cha 8 ndicho mpaka wa Windows 11 kwa upande wa Intel. Kwa mwenye bajeti ndogo ni mashine ya heshima, mradi asilipe bei ya G8.

Chini kabisa naweka makundi mawili. Kwanza, mpya zenye Celeron, N100 (nyingine dhaifu ya Intel) au 7520U zinazouzwa kwa bei ya daraja la kati. Ile ya mpwa wangu kwa 1,200,000 naipa miaka mitatu: 400,000 kwa mwaka, ghali kuliko zote nilizotaja. Pili, kizazi cha 6 na cha 7, hasa 840 G3 na G4 zilizojaa madukani. Windows 10 iliachwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, na hizi Windows 11 haizitambui rasmi. Fundi atakuwekea kwa njia ya mkato, lakini Microsoft haikuahidi chochote kwa mashine hizo. Kama unajua Linux, mfumo mwingine badala ya Windows, sawa, nunua kwa bei ya kutupa. Kama hujui, usimpe mtoto wa watu mzigo huo.

Dakika ishirini za kukagua iliyotumika

Betri ndiyo naanza nayo, kwa sababu umeme ukikatika saa mbili usiku na kazi ni ya kesho asubuhi, ndipo utaijua laptopu yako. Fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport, kisha fungua faili litakalotengenezwa. Linganisha DESIGN CAPACITY (uwezo wa betri ilipokuwa mpya) na FULL CHARGE CAPACITY (uwezo uliobaki). 840 G8 ilitoka kiwandani na takribani 53,000 mWh. Ukikuta 31,000, zimebaki kama asilimia 58. Toa bei ya betri mpya kwenye bei anayokutajia, au ondoka.

Jambo la pili karibu hakuna anayelikagua, na mimi liliwahi kuniumiza. Nilimnunulia mama mdogo laptopu nzuri ajabu, tukaifuta ili aanze upya, ikaomba barua pepe ya kampuni ya nje tusiyoijua. Ilikuwa bado imesajiliwa kwenye mfumo wa kampuni hiyo, na kila ukiifuta inarudi palepale. Muuzaji akasema ilipotoka kwake ilikuwa inafanya kazi. Siku hizi naomba ifutwe na kuwashwa upya mbele yangu, ikiwa imeunganishwa na intaneti ya simu yangu. Kisha naingia BIOS, mipangilio ya ndani inayofunguka kabla ya Windows, kuona kama kuna nywila. Muuzaji mwaminifu hakatai, atakachokuomba ni muda.

Mengine ni ya haraka. Bonyeza kila herufi. Kibodi iliyotoka Uingereza ina alama ya pauni juu ya 3, na @ ipo sehemu nyingine. Si ubovu, ila ujue. Chaja zilizotoka Marekani nyingi zimeandikwa 100–240V, zitafaa kwa 230V yetu, utabadilisha waya wa plagi tu. Cheza video dakika kumi usikilize feni. Chomeka flashi kwenye kila tundu. Angalia Settings, Activation, kama Windows ni halali.

Lipa baada ya hayo, si kabla, hata kama anakwambia kuna mtu ametuma nauli kutoka Moshi anakuja kuichukua. Dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, na uombe muda wa waranti pamoja na namba ya utambulisho ya mashine, ile serial number, viandikwe kwenye karatasi yenye mhuri wa duka. Kwa mpya, HP, Dell na Lenovo wote wana ukurasa wa kuingiza namba hiyo ukaona waranti inaisha lini. Ifanye ukiwa bado dukani. Nimewahi kukuta "mpya" ambayo waranti yake ilianza kuhesabiwa miezi tisa nyuma.

Mpwa wangu tulizunguka naye Jumamosi mbili. Akachukua Latitude 5420 yenye GB 16, betri asilimia 81, kona moja ya mfuniko imekwaruzwa. Bei ya kwanza ya muuzaji ilikuwa 980,000. Mtoto akamwonyesha ile ripoti ya betri na mkwaruzo, wakamalizana kwa 900,000, na iliyobaki akanunulia begi na kifuniko cha kibodi kwa ajili ya vumbi la Njiro.